Kutoka Ruvubu hadi Upanga: Wahindu na Wabuddha katika Historia Yetu

Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Giheta, Burundi, huteremka mabondeni, ikaingia Ruvyironza na Ruvubu, ikapita Muyinga na kuvuka mpaka wa Tanzania hadi ikutane na mto Kagera. Kagera huyapeleka maji hayo Ziwa Viktoria, nayo hutokea upande wa pili wa ziwa, Jinja, nchini Uganda, yakianza safari ndefu ya kwenda Misri kwa jina la Nile. Hapo Jinja, mwaka 1948, sehemu ya majivu ya Mohandas Gandhi, aliyeuawa Delhi tarehe 30 Januari mwaka huo, ilimwagwa mtoni kwa desturi ya Kihindu. Mwezi wa Oktoba 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alifika mahali hapo kuzindua sanamu ya Gandhi, na hadi leo Wahindu hufika kuweka mashada ya maua. Maji yetu hupita mbele ya sanamu hiyo kila siku.

Giheta hakuna hekalu la Kihindu wala la Kibuddha. Mahali petu patakatifu ni Gishora, kilima cha ngoma za kifalme, kilomita chache tu kutoka mjini Gitega. Mwami Mwezi Gisabo alijenga makao pale baada ya kumshinda Ntibirangwa, mtemi aliyemwasi, akawaachia watimbo, wapiga ngoma wake, kazi ya kutunza ngoma mbili zenye majina kama watu: Ruciteme na Murimirwa. Ngoma hizo hazikuwa za burudani. Zilikuwa na nyumba yao, walinzi wao na miiko yao, na ukoo uliokabidhiwa ulirithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Anayekulia karibu na mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba kuna nyumba ambayo huingii bila kuuliza.

Kwa mafunzo hayo ndipo nilipoanza kuyatazama mahekalu ya pwani, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tunaikata vipande historia ya dini katika nchi zetu. Tunasimulia kuja kwa Uislamu, tunasimulia kuja kwa wamisionari, kisha tunafunga kitabu. Wahindu na Wabuddha tunawaacha dukani, nyuma ya kaunta, kana kwamba hawakuwahi kusali.

Ushahidi wa kale kabisa ni mdogo kiasi cha kushikika kwa vidole. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, Lamu. Shanga ulikuwa mji wa Waislamu. Misikiti yake ya kwanza ni ya karne ya 8. Katika udongo wa mji huo kilipatikana kisanamu cha simba cha madini ya shaba, kilichokadiriwa kuwa cha mwaka 1100 hivi. Umbo lake linafanana na vyombo vya ibada vya India, hasa vile vya nyanda za Deccan. Mwaka 1988 Horton na mwenzake Richard Blurton waliandika kwamba huenda kilitengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki, na fundi aliyeijua vizuri sanaa ya Kihindi. Huenda fundi huyo alikuwa Mhindu akiishi kati ya Waislamu wa Pate, na huenda alikuwa Mswahili aliyefunzwa naye. Vyovyote iwavyo, simba huyo alimilikiwa na mtu katika mji wetu wa pwani miaka 400 kabla ya Mreno wa kwanza.

Mreno huyo alipofika, alichanganyikiwa. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, akatuma watu wawili nchi kavu. Walipelekwa nyumbani kwa wafanyabiashara wawili, wakaonyeshwa karatasi yenye picha ambayo wenyeji wao waliiabudu. Wareno waliamini wameona picha ya Roho Mtakatifu. Siku chache baadaye, Malindi, walikuta merikebu nne za watu kutoka India. Mabaharia hao walipanda chombo cha Wareno, wakaonyeshwa picha ya Bikira Maria akiwa na Yesu, wakajitupa chini kuisujudia. Na kwa siku zote Wareno walizokuwa pale waliendelea kuja kusali, wakileta karafuu na pilipili manga kama sadaka. Da Gama alipopita karibu na merikebu zao waliinua mikono na kupaza sauti, na mwandishi wa safari akaandika kwamba walikuwa wakiita “Kristo! Kristo!” Wanahistoria wengi wanaona walikuwa wakimtaja Krishna.

Mwandishi huyo huyo aliandika kwamba watu hao walikuwa na nywele ndefu zilizosukwa, na kwamba waliwaambia wageni hawali nyama ya ng'ombe. Kila dalili ilikuwa mbele ya macho yake. Mwezi mmoja baadaye, Calicut, Wareno waliingia katika hekalu na kupiga magoti wakidhani ni kanisa, ingawa waliona ukutani “watakatifu” wenye meno yaliyochomoza na mikono minne au mitano. Kwangu mimi kisa hiki ndicho kiini cha jambo zima. Malindi ya 1498 ilikuwa na Waislamu waliotawala, Wahindu waliofika na pepo za kaskazi na kusali kwa namna yao, na wageni wa tatu ambao hawakujua kwamba duniani kuna imani ya tatu. Mji uliwapokea wote. Anayeuita uvumilivu wa pwani kitu cha kisasa, asome kumbukumbu za safari hiyo.

Kwa karne tatu zilizofuata Wahindu walienda na kurudi na majahazi. Hali ilibadilika pale Sayyid Said bin Sultan wa Oman alipoyageuza macho yake kuelekea Unguja, katika miaka ya 1830. Kwao Muscat alikuwa amewazoea Wabhatia, wafanyabiashara Wahindu kutoka Kutch na bandari yake ya Mandvi, waabudu Krishna wasiogusa nyama. Hekalu la Shiva la Muscat, liitwalo Motishwar, bado lipo karibu na kasri la Sultani. Said aliwakaribisha Wabhatia Unguja, na kampuni ya Jairam Shivji ikakodishwa forodha yote. Kwa karibu nusu karne, hadi 1886, ukiacha miaka michache ya katikati, ushuru wa kila pembe ya ndovu, kila frasila ya karafuu na kila mtumwa aliyepita ulikusanywa na nyumba hiyo ya Kihindu, chini ya Sultani Mwislamu, na hesabu zikaandikwa kwa Kigujarati.

Wenyeji waliwaita Mabanyani. Waliishi bila wake zao, kwa kuwa mila iliwakataza wanawake wa tabaka lao kuvuka bahari. Mwanaume alikaa Unguja miaka kadhaa, akarudi Kutch kujitakasa na kuoa, kisha akaja tena. Walikula nafaka, samli na maziwa. Wafu wao waliwachoma moto, jambo lililowashangaza wenyeji. Ibada yao ilifanyika ndani ya nyumba walimolala na kufanyia biashara, mbele ya picha na sanamu ndogo, kwa taa ya samli na maua. Ndiyo maana kwa muda mrefu mgeni aliyepita mitaa ya Mji Mkongwe aliona maduka bila kuona hekalu: hekalu lilikuwa chumba cha ndani.

Hapa ndipo historia hii inapogusa Burundi, na kwa mkono mzito. Misafara iliyokwenda bara, Tabora na Ujiji hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, haikuendeshwa kwa fedha za viongozi wa misafara peke yao. Mwarabu au Mswahili alichukua kwa Mbanyani nguo, shanga na nyaya za shaba kwa mkopo, akaenda miaka miwili au mitatu, akarudi kulipa kwa pembe. Kaniki iliyovaliwa bara ilitoka Kutch. Pembe nyingi zilipelekwa Bombay, na sehemu kubwa ikachongwa bangili za maharusi wa Kihindu. Ndovu aliyeanguka karibu na maziwa yetu aliishia mkononi mwa bibi harusi wa Gujarat.

Richard Burton, aliyetumwa mwaka 1857 pamoja na John Speke kutafuta maziwa hayo, alipangiwa safari na Ladha Damji, mkuu wa forodha wa nyumba ya Jairam, na karani wake Ramji. Walipokuwa Kaole, mbele yake, wawili hao waliulizana kwa lugha yao ya Kutch kama mzungu huyu atafika kweli. Ramji alisema hatafika; atapitaje Ugogo? Burton alikuwa ameijua lugha hiyo India, akasikia kila neno. Alifika Ujiji Februari 1858, kisha akapanda mtumbwi hadi Uvira, lakini mdomo wa Ruzizi hakuuona. Waliouona ni Livingstone na Stanley. Tarehe 25 Novemba 1871 walikuwa Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura ya leo, mahali penye jiwe la kumbukumbu. Shehena alizotumiwa Livingstone miaka hiyo zilipitia mikononi mwa Ladha Damji, na baadhi ya wapagazi walikuwa wale ambao Livingstone mwenyewe aliwaita watumwa wa Mabanyani.

Neno hilo halifai kurukwa. Wabhatia walisali kwa Krishna, hawakuua hata kuku, na mikopo yao ndiyo iliyoendesha mashamba ya karafuu na misafara iliyorudi na watu wamefungwa shingoni. Baadhi yao walimiliki watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwaachia huru maelfu waliokuwa mikononi mwa Wahindi wa Unguja. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Ninayaandika haya kwa sababu kuipa jamii nafasi katika historia ni kuipa nafasi yote, pamoja na deni lake. Hatuwezi kulisifu hekalu huku tukilisahau daftari.

Mwezi Gisabo alikuwa mmoja wa watawala wachache wa eneo hili walioifungia mlango biashara hiyo. Mfanyabiashara wa watumwa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, alijaribu kutoka Ujiji kuingia Burundi na akazuiwa. Kwa hiyo milima yetu haikupitiwa na misafara kama ilivyokuwa Unyamwezi, na ngoma za Gishora ziliendelea kupigwa kwa mwami mwenye nchi yake, mpaka Wajerumani walipokuja na bunduki zao. Kwa mkataba uliofanywa Kiganda tarehe 6 Juni 1903 alikubali utawala wao. Miaka mitano baadaye akafa. Mwaka 1912 Wajerumani walijenga boma Gitega, na nyuma ya askari wakafuata wachuuzi wa Kihindi, wengi wao Waislamu, na fedha iliyotumika sokoni ikawa rupia.

Kaskazini, reli ya Uganda ilikuwa imekwishaleta wimbi jingine. Kati ya 1896 na 1901 wafanyakazi 31,983 walisafirishwa kutoka India. 2,493 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini waliobaki waliita ndugu, na safari hii wanawake nao wakaja. Mwanamke alipofika, ibada ilitoka chumba cha ndani. Palihitajika mahali pa kufungia ndoa, pa kumpa mtoto jina, pa kusherehekea Diwali mwaka ulipogeuka. Mombasa, Nairobi, Kampala, Unguja na Dar es Salaam zikapata mahekalu yenye milango inayotazama barabara.

Wabuddha walikuwa wachache zaidi na historia yao ni ya unyenyekevu zaidi. Walikuwa Wasinhala kutoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, waliokuja pwani kufanya kazi na biashara enzi za ukoloni. Karibu na mwaka 1920, Waingereza wakiwa wameshaichukua Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, jamii hiyo ndogo ilipata kiwanja Upanga na kujenga hekalu linalohesabiwa kuwa la kwanza la Kibuddha barani Afrika. Waliagiza mche wa mti wa bodhi kutoka Anuradhapura. Mti wa Anuradhapura wenyewe ulipandwa karne ya 3 kabla ya Kristo, kutokana na tawi lililoletwa na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, kutoka kwenye mti ambao Buddha alikaa chini yake akapata nuru. Basi nasaba ya mti wa Upanga inakwenda hadi Bodh Gaya.

Mrundi huuelewa mti huo upesi. Bodhi ni jamaa wa umuvumu wetu, na kwetu imivumu mirefu ndiyo inayoonyesha ikigabiro, mahali palipokuwa na makao ya mwami. Kasri la miti na nyasi lilioza zamani. Miti ilibaki, na wazee hawakuruhusu ikatwe.

Miaka hiyo hiyo ambapo bodhi ya Upanga ilikuwa ikishika mizizi, Burundi ilipoteza sikukuu yake kuu. Umuganuro, sherehe ya mbegu za mtama ambamo mwami alibariki mwaka mpya wa kilimo na Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, ikatolewa, ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929. Utawala wa Kibelgiji na wamisionari waliuona kuwa upagani. Nimelifikiria sana jambo hili. Chini ya wakoloni wa Ulaya, Mhindu aliachwa apige kengele yake na Mbuddha apande mti wake, lakini Mrundi akaambiwa anyamazishe ngoma yake. Sababu moja ni sheria: baada ya maasi ya India ya 1857 Malkia Victoria alitangaza, mwaka 1858, kwamba serikali yake haitaingilia dini za raia wa India, na huenda ahadi hiyo iliwafuata raia hao ng'ambo ya bahari. Sababu nyingine ni kwamba hekalu la Dar es Salaam halikuwa na mfalme ndani yake. Karyenda alikuwa ndiye utawala. Aliyeivunja sherehe yake aliuvunja ufalme. Mahekalu ya wageni yaliachwa kwa kuwa hayakumtisha mtu.

Kuachwa huko hakukudumu. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatoa Wahindi wengi Unguja. Aprili 1971 Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha, na familia nyingi za Kihindi zikafunga virago kuelekea Uingereza na Kanada. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwatangazia Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Hekalu lisilo na waumini huwa jengo tu. Taa haiwashwi, picha zinaliwa na unyevunyevu. Yaliyosalimika yalisalimika kwa sababu watu wachache walibaki, na wengine wakarudi. Hekalu la Upanga lilibakiwa na waumini wachache mno, lakini halikufungwa, na leo lina watawa wanaoliangalia na milango yake iko wazi kwa wote.

Mfanyabiashara wa Gitega aendaye Dar es Salaam kufuata mzigo bandarini, akipita Muyinga na kuvuka mpaka wa Kobero, mara nyingi huwa na siku moja ya kungojea makaratasi. Siku hiyo inatosha. Aanze asubuhi katikati ya mji, Kisutu, kwa sababu mahekalu ya Kihindu hufungwa mchana. Mtaa wenye mahekalu mengi umepewa jina la Pramukh Swami, kiongozi wa tawi moja la Waswaminarayan, madhehebu ya Kihindu, aliyefariki 2016. Mlangoni atavua viatu, ataona kengele inayoguswa na kila anayeingia, atasikia harufu ya udi. Kwa Waswaminarayan wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Wakati wa arati, taa za samli huzungushwa mbele ya sanamu, kisha watu hupitisha mikono juu ya mwali na kuigusisha vichwani, na mgeni hupewa kitamu cha sadaka. Kipokelewe kwa mkono wa kulia.

Alasiri ni ya Upanga. Pale hakuna kengele wala umati. Kuna ukumbi wenye sanamu ya Buddha, na kuna mti. Majani yake yana ncha ndefu kama mkia, yakitikisika hata upepo ukiwa mdogo. Mimi nilikaa chini yake nikiwaza watimbo wa Gishora, ambao ngoma yao UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Jamii ile ya Wasinhala haikupata sherehe ya namna hiyo. Ilimwagilia mti, ikazeeka, ikapungua, na mti ukaendelea.

Ombi langu ni kwa wanaoandika vitabu vya historia vya shule zetu, Bujumbura, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Simba wa Shanga, mabaharia wa Malindi, daftari la Ladha Damji na mti wa Upanga viingizwe humo, katika sura ile ile inayoeleza misikiti ya kwanza, misheni za kwanza na ngoma za Gishora. Navyo viandikwe na wanahistoria wetu, wakiwa wamezungumza kwanza na wazee wa jamii hizo ambao bado wako hai.